Fokasi Inayokosea kwenye Lenzi za f/1.4: Kurekebisha Kamera Uliyonayo au Kuhamia Isiyo na Kioo

Harusi ya kwanza niliyoipiga kwa lenzi ya 85mm f/1.4, yaani yenye tundu pana sana la kupitisha mwanga (tarakimu ya f ikiwa ndogo, tundu huwa pana), ilifanyika Tanga, na niliporudi nyumbani usiku ule na kuzifungua picha kwenye kompyuta nilikuta jambo ambalo tangu hapo nimeulizwa na wapigapicha wengi: hereni za bibi harusi zilikuwa kali kiasi cha kuhesabika vito vyake, ilhali macho yake, ambayo ndiyo niliyoyalenga, yalikuwa na ukungu. Niliilaumu lenzi, kisha nikajilaumu mwenyewe, na nilikaribia kuiuza kwa hasara. Hatimaye ilibainika kwamba lenzi haikuwa mbovu na bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, haikuwa mbovu. Vilikuwa havijapatanishwa, na dawa yake ilikuwa tarakimu moja tu katika menyu ya kamera, yaani hasi 7.

Makala hii inalinganisha njia ambazo mtu mwenye tatizo hilo anaweza kuzifuata: kurekebisha fokasi ndani ya bodi ya kamera, kuirekebisha lenzi yenyewe kwa kifaa cha mtengenezaji wake, kuvipeleka vyote viwili kwa fundi, kufokasi kwa skrini ya nyuma badala ya kidirisha cha kuchungulia, au kuiacha kamera yenye kioo (DSLR) na kuhamia kwenye isiyo na kioo (mirrorless). Njia hizi hazilingani kwa gharama wala kwa uwezo, na kosa ninaloliona mara kwa mara ni la watu kuanza na ile ya mwisho, iliyo ghali kuliko zote, kabla hawajajua wanaugua nini.

Kinachoamua ni swali moja. Je, fokasi yako hukosea kila mara kuelekea upande uleule, au hutangatanga, mara mbele, mara nyuma, mara mahali pake? Kosa la upande mmoja lina dawa ya bei nafuu, na dawa hiyo hufanya kazi vizuri sana. Kosa linalotangatanga halirekebishwi kwa tarakimu yoyote, na mtu anayehangaika na menyu usiku kucha ili kulitibu anapoteza muda wake.

Kwa nini tatizo huonekana kwenye lenzi hizi tu

Katika kamera za DSLR, fokasi haipimwi mahali picha inapoundwa. Mwanga unaoingia kwa lenzi hukutana na kioo kikuu, ambacho sehemu yake ya katikati hupitisha kiasi cha mwanga huo hadi kwenye kioo kidogo kilicho nyuma yake, na kioo hicho kidogo huutupa chini, kwenye sakafu ya kamera, ambako ndiko kiliko kihisi cha fokasi. Kihisi cha picha kiko kwingine kabisa, nyuma ya shata, yaani pazia linalofunguka picha inapopigwa. Mpango wote unategemea sharti moja: safari ya mwanga kutoka kwenye lenzi hadi kihisi cha fokasi iwe sawasawa na safari yake hadi kihisi cha picha. Kioo kidogo kikikaa vibaya kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona, kamera itaamini kwamba imefokasi, italia ishara yake ya kuthibitisha, na picha itatoka na ukungu.

Lenzi nayo ina mchango wake. Nukta nyingi za fokasi hupima kwa miale inayolingana na tundu la f/5.6, na katika bodi nyingi za Canon zile zilizo sahihi zaidi, ambazo huwa katikati, hupima kwa miale ya f/2.8, hakuna hata moja inayotumia ukingo wa vioo vya lenzi ya f/1.4, ilhali picha yenyewe huundwa kwa upana wote wa vioo hivyo. Miale ya ukingoni haikutani mahali pamoja kabisa na ile ya katikati, kwa hiyo kamera hulazimika kuongeza masahihisho ambayo lenzi huipatia, na masahihisho hayo ni ya wastani wa kiwandani, hayakupimwa kwa lenzi uliyoishika wewe. Hata ukilibana tundu kidogo, baadhi ya lenzi husogeza fokasi yake nyuma. Canon EF 50mm f/1.2L inajulikana kwa tabia hiyo, hasa mtu anapokuwa karibu na anachokipiga.

Lenzi ya 18-55mm inayouzwa pamoja na kamera hupatwa na makosa yayo hayo, lakini huyaficha. Ukiiweka kwenye 55mm, f/5.6, kwenye kamera yenye kihisi kidogo cha APS-C, na mtu akiwa umbali wa mita 2, eneo linaloonekana kuwa kali lina kina cha takriban sentimita 29, ambacho ni zaidi ya kichwa kizima. Lenzi ya 85mm f/1.4 kwenye kihisi kikubwa, kwa umbali uleule wa mita 2, hukupa takriban sentimita 4.5, yaani zaidi kidogo ya sentimita 2 mbele ya jicho na kiasi hichohicho nyuma yake. Ukibana hadi f/2.8 unapata kama sentimita 9. Kwa hiyo anayesema kwamba kamera yake ilikuwa nzima hadi siku aliponunua lenzi mpya anasema kweli kwa jinsi alivyoona, ingawa yumkini kosa lilikuwamo tangu siku ya kwanza na lilikuwa limejificha ndani ya zile sentimita 29.

Jaribio la kufanya kabla ya kutoa hata shilingi

Ondoa kwanza sababu ndogondogo. Hakikisha swichi ya lenzi iko kwenye fokasi ya otomatiki, safisha vidoti vya shaba vya lenzi na vya bodi kwa kitambaa kikavu kisichoacha nyuzi, na kumbuka kwamba lenzi nyingi za 85mm hazifokasi kitu kilicho karibu zaidi ya sentimita 80 au 85. Ukiwa na Nikon ya daraja la D3500 au D5600 na lenzi ya zamani ya AF-D, haitafokasi yenyewe hata ufanye nini, kwa sababu bodi hizo hazina mota ya kuzungusha lenzi na lenzi hizo hazina mota ndani yake. Hilo si tatizo la kurekebisha, ni la kununua lenzi ya AF-S. Kisha tazama picha zilizoharibika kwa utulivu: kama kuna mahali popote palipo pakali, iwe sikio, ukosi au kiti cha nyuma, basi fokasi iliangukia hapo, kama hakuna palipo pakali popote, na mistari yote imevutwa upande mmoja, tatizo ni shata ya polepole, na unachohitaji ni 1/250 badala ya 1/60.

Baada ya hapo, weka kamera kwenye tripodi, mchana, karibu na dirisha kubwa. Weka mbele yake boksi lenye maandishi, upande wake ukiutazama uso wa lenzi sawasawa, na ubavuni mwa boksi weka rula iliyoinamishwa ili ikuonyeshe fokasi imeangukia wapi. Usifokasi kwenye rula yenyewe, kwa maana nukta ya fokasi ni pana kuliko kile kimraba unachokiona, na itachukua popote. Umbali unaopendekezwa na wengi ni mara 50 ya urefu wa lenzi, yaani mita 2.5 kwa 50mm na mita 4.25 kwa 85mm, lakini mimi napendelea umbali ambao mtu hufanyia kazi zake, kwa sababu lenzi nyingi hazikosei kwa kiasi kilekile karibu na mbali. Tumia nukta ya katikati, fokasi ya mara moja, tundu likiwa wazi kabisa, na kizuia mtikisiko kikiwa kimezimwa.

Piga picha kumi kwa kidirisha cha kuchungulia, na kabla ya kila moja izungushe lenzi iwe nje ya fokasi, mara hii kuelekea karibu, mara nyingine kuelekea mbali. Kisha piga kumi nyingine kwa skrini ya nyuma, ambapo kioo huinuliwa na fokasi hupimwa kwenye kihisi chenyewe cha picha. Safu hizi mbili ndizo zitakazokueleza ufuate njia ipi.

Zile za skrini zikitoka kali na zile za kidirisha zikakosea zote upande mmoja, wewe ni wa kurekebisha, na una bahati. Zile za kidirisha zikitawanyika, tatizo liko kwenye bodi, kwenye mota ya lenzi, au kwenye mwanga uliotumia. Rudia jaribio kwa lenzi nyingine ili ujue ni kipi kati ya hivyo. Zote ishirini zikiwa na ukungu, au upande mmoja wa boksi ukiwa mkali na mwingine laini, shuku vioo vya lenzi, kwamba vimesogea baada ya kuanguka, au vimeota fangasi, jambo ambalo huku pwani ni la kawaida kwa lenzi iliyokaa kwenye mkoba wa kitambaa kwa msimu mzima wa mvua.

Inawezekana pia zote ishirini ziwe kali, nawe ubaki ukishangaa mbona harusini hazikuwa hivyo. Matokeo haya ni ya kawaida kuliko watu wanavyokubali. Mara nyingi chanzo ni mazoea ya kufokasi kwa nukta ya katikati kisha kugeuza kamera ili kupanga picha. Kwa lenzi ya 50mm f/1.4 na mtu aliye mita 1.5 mbele yako, ukigeuza kamera kwa nyuzi 15 baada ya kufokasi, uwanda wa fokasi huhamia takriban sentimita 5 nyuma ya jicho ulilolilenga, na kina chote ulichonacho ni kama sentimita 7, yaani sentimita 3.5 kila upande. Jicho limeshatoka nje, na hapo lenzi haina hatia. Chanzo kingine ni kuiachia kamera ichague nukta yenyewe, nayo ikachagua kilicho karibu zaidi, kwa kawaida shada la maua. Cha tatu ni fokasi ya kufuatilia iliyowekwa ili shata ifunguke hata kama fokasi haijafika, ambao ndio mpangilio wa kiwandani wa bodi nyingi za Nikon.

Katika jambo hili bodi hazifanani, na inafaa kulijua kabla ya kununua iliyotumika. Canon 6D ina nukta 11, na ya katikati pekee ndiyo yenye umbo la msalaba, inayosoma mistari ya wima na ya mlalo. Kwenye giza ni hodari, hadi -3 EV (kipimo cha mwanga ambacho kadiri kinavyoshuka ndivyo giza linavyozidi), lakini kwa sababu nukta zake za pembeni ni dhaifu, mwenye 6D husukumwa kwenye mazoea yaleyale ya kufokasi katikati na kugeuza. Canon 5D Mark III ina nukta 61, na 41 kati yake ni za msalaba, hivyo unaweza kuweka nukta juu ya jicho lenyewe bila hofu. Nikon D750 ina nukta 51, za msalaba zikiwa 15, zote zikiwa katikati. Kwa lenzi ya f/1.4, ningechagua 5D Mark III kuliko 6D hata kama picha za 6D usiku ni safi zaidi kidogo, kwa kuwa usafi wa picha iliyokosa fokasi haumfai mtu.

Marekebisho ya ndani ya bodi, na kifaa cha lenzi

Mwaka 2007 Canon 1D Mark III, Nikon D3 na Nikon D300 zilimpa mpigapicha uwezo wa kusahihisha fokasi mwenyewe, na bodi nyingi za daraja la kati na la juu zilizofuata zimeendelea nao. Mizani yake kwa kawaida huanzia -20 hadi +20. Chanya husogeza fokasi mbali na kamera, hasi huivuta karibu. Bodi hukumbuka tarakimu ya kila lenzi, kwa hiyo ukibadilisha lenzi nayo hubadilisha masahihisho. Katika D500, D850 na D7500 kazi yenyewe imerahisishwa: unafokasi kwa skrini, kisha unashikilia kitufe cha njia za fokasi pamoja na kile cha kurekodi video, na kamera hulinganisha vihisi vyake viwili na kujiandikia tarakimu. Mimi hurudia zoezi hilo mara sita au saba na kuchukua ya katikati, kwa sababu kila mara huja na jibu lililotofautiana kidogo.

Kasoro kubwa ya njia hii ni kwamba ni tarakimu moja kwa umbali wote. Lenzi inayokosea kwa -7 ukiwa mita 2 huenda ikahitaji -2 tu ukiwa mita 6, na hapo itakubidi uchague umbali unaoupenda na kuuacha mwingine uharibike kidogo. Kwa lenzi za kuvuta (zoom), bodi kama 5D Mark III hukubali tarakimu mbili, moja ya upana na moja ya mwisho wa mvuto, ilhali D750 hukubali moja. Kasoro ya pili ni ya kimasikini zaidi na inawagusa wengi: kamera ambazo huku kwetu ndizo nyingi mikononi mwa wanaoanza, kama vile Canon 700D, 750D na 200D, au Nikon D3500 na D5600, hazina kabisa sehemu hiyo katika menyu. Hata Canon 60D haina, ingawa 50D iliyoitangulia ilikuwa nayo na 70D iliyoifuata ikarudishiwa.

Hapo ndipo kifaa cha lenzi kinapopata maana. Sigma USB Dock kwa lenzi za Sigma za makundi ya Art, Contemporary na Sports, na TAP-in Console kwa lenzi mpya za Tamron, ni vijisahani ambavyo lenzi hufungwa juu yake kama inavyofungwa kwenye kamera, kisha huunganishwa na kompyuta. Ubora wake juu ya bodi ni kwamba husahihisha kwa umbali tofautitofauti: Sigma hutoa ngazi nne za umbali kwa lenzi isiyovuta, na kwa lenzi kama 18-35mm f/1.8 hutoa nafasi 16, yaani ngazi nne za umbali kwa kila moja ya nafasi nne za mvuto. Tamron hutoa ngazi tatu. Masahihisho hukaa ndani ya lenzi, kwa hiyo hata 700D isiyo na menyu yake hunufaika. Sigma ilipokitoa kifaa chake bei yake ilikuwa karibu dola 60 za Marekani, ambazo ni sehemu ndogo ya bei ya lenzi yenyewe. Angalia tu ununue kile cha aina ya mdomo wa lenzi yako, maana cha Canon hakikubali lenzi ya Nikon.

Kati ya hivi viwili, mwenye lenzi ya Sigma au Tamron na bodi moja tu atumie kifaa cha lenzi. Mwenye bodi mbili awe mwangalifu, kwa sababu lenzi iliyosahihishwa ili kufidia kosa la bodi ya kwanza itaenda na kosa hilo kwenye bodi ya pili. Kwake yeye tarakimu za ndani ya kila bodi ni salama zaidi. Vilevile asahihishe katika mwanga unaofanana na wa kazi zake, kwani rangi ya mwanga hubadilisha kidogo mahali ambapo kihisi cha fokasi huona ukali, na lenzi iliyopatanishwa chini ya balbu za njano inaweza kukosea barazani saa nne asubuhi.

Fundi

Kupeleka bodi na lenzi pamoja kwenye kituo cha mtengenezaji ndiyo njia sahihi kuliko zote kwa kamera yenye kioo, kwa kuwa wao wana vipimo na programu za kupatanisha kihisi cha fokasi chenyewe. Pelekeni vyote viwili. Bodi pekee hupimwa kwa lenzi ya karakana, nawe hurudi na tatizo lako. Shida yake kwetu ni umbali na muda, na wiki sita bila kamera katikati ya msimu wa harusi ni hasara inayoweza kuzidi bei ya bodi nyingine iliyotumika.

Mafundi wa mtaani wengi ni hodari wa kubadilisha shata, tepu za umeme za lenzi na kusafisha fangasi, na nimewategemea kwa miaka. Hata hivyo, niliwahi kumpa mmoja bodi yangu ya pili iliyokuwa ikitangatanga, akageuza kipini kidogo ambacho kile kioo cha ndani hukiegemea, na ikarudi ikiwa inakosea upande mmoja katikati na upande mwingine pembeni. Kipini hicho kisiguswe na mtu asiye na chombo cha kupimia. Akikuambia ataipima kwa macho, chukua kamera yako uondoke.

Skrini ya nyuma

Kwa mwenye Canon 70D ya mwaka 2013 au zilizofuata zenye mfumo wa Dual Pixel, kama 80D, 200D, 6D Mark II na 5D Mark IV, dawa ya bure kabisa iko nyuma ya kamera. Kila pikseli ya vihisi hivyo imegawanywa mara mbili ili ipime fokasi palepale picha inapoundwa, kwa hiyo habari ya kioo kidogo haipo tena. Kwa picha za kupanga, ambapo bibi na bwana harusi wamesimama wakisubiri, mwenye 200D na lenzi ya 50mm f/1.8 atapata macho makali kwa skrini kuliko atakavyopata kwa kidirisha hata akijaribu mwaka mzima. Haifai kwa maandamano ya kuingia ukumbini, na jua la saa saba linaifuta skrini. Nikon za DSLR, isipokuwa D780 ya mwaka 2020, hufanya kazi hii polepole sana kiasi kwamba inafaa kwa tripodi tu.

Kamera isiyo na kioo

Canon EOS R, Nikon Z6 na Sony a7 III, zote za mwaka 2018, zimeondoa chanzo cha kosa la upande mmoja. Fokasi hupimwa kwenye kihisi cha picha, na lenzi za zamani huendelea kutumika kwa adapta: za EF, yaani lenzi za DSLR za Canon, kwenye EOS R hufanya kazi karibu kama zimezaliwa nayo, na lenzi ile ile iliyokuwa ikikosea kwa -7 hutulia bila masahihisho yoyote. Nikon Z6 hufokasi ikiwa kwenye tundu ulilochagua, hadi f/5.6, hivyo hata ile tabia ya fokasi kusogea mtu anapobana tundu huondoka kwa kiasi kikubwa. Utambuzi wa jicho nao humwondolea mpigapicha mazoea ya kufokasi na kugeuza, na kwa maoni yangu faida hii ni kubwa kuliko ya kwanza. Adapta ya FTZ ya Nikon, hata hivyo, haina mota, kwa hiyo lenzi za AF-D zitabaki za kufokasi kwa mkono.

Anayehama ajue pia magonjwa ya upande huo, kwa sababu muuzaji hatamwambia. La kwanza ni ukumbi wenye giza. Flashi nyingi zilizotengenezwa kwa DSLR hurusha mtandao wa mistari myekundu ambayo kihisi cha fokasi huisoma hata gizani. Kamera zisizo na kioo kwa kawaida haziutumii mwanga huo, na mpigapicha aliyezoea kufanya kazi nao hushtuka usiku wa kwanza. EOS R imeandikwa kwamba hufokasi hadi -6 EV, lakini kipimo hicho ni kwa lenzi ya f/1.2, ukiwa na lenzi ya kuvuta ya f/4 usitegemee hivyo. La pili ni kwamba vihisi vingi vya aina hii husoma mistari ya upande mmoja tu, kwa hiyo mbele ya pazia lenye mikunjo ya mlalo, au kingo za ngazi, fokasi huenda na kurudi bila kutua. Igeuze kamera iwe wima, ifokasi, kisha irudishe. La tatu ni kung'ang'ania nyuma: mtu akiwa karibu sana na lenzi ikiwa imefokasi mbali, kamera inaweza kukataa kumwona na kushika taa za ukutani, na dawa yake ni kufokasi kwanza sakafuni karibu na miguu yake.

Katika kazi zangu nimeona pia kwamba utambuzi wa jicho husitasita kwa uso mweusi ulio mbele ya pazia jeusi katika mwanga hafifu wa taa za rangi, na kwamba shela yenye nakshi huiteka fokasi kabla ya jicho. Hali hizo mbili ndizo harusi zetu zenyewe, kwa hiyo sipendi zipitwe. Kuongeza taa ndogo ya LED usoni mwa wahusika hutatua la kwanza. Kwa la pili, zima utambuzi na tumia nukta moja ndogo.

Halafu kuna betri. Kwa kipimo cha CIPA, chama cha watengenezaji wa kamera cha Japani, D750 hupiga picha 1,230 kwa chaji moja na 5D Mark III 950, ilhali Z6 hupiga 310 na EOS RP 250. Idadi halisi huwa kubwa zaidi kuliko hizo, lakini uwiano ndio huo, na shughuli inayoanza kwa kusuka nywele alfajiri na kuisha saa saba usiku inahitaji betri nne mfukoni.

Nani achague nini

Mwenye bodi yenye menyu ya masahihisho na kosa la upande mmoja asinunue chochote. Atenge mchana mmoja afanye jaribio, na arudie kila baada ya miezi sita au kamera ikianguka. Mwenye bodi ya kuanzia na lenzi ya Sigma au Tamron anunue kifaa cha lenzi. Mwenye bodi ya kuanzia na lenzi ya Canon atumie skrini kwa picha za kupanga, na abane hadi f/2.8 kwa zinazokwenda, huku akiweka akiba. Asilipe gharama ya kituo cha mtengenezaji kwa bodi ambayo thamani yake inakaribiana na gharama hiyo. Anayepiga zaidi ukumbini usiku kwa flashi, na ana 5D Mark III au D750 iliyo nzima, sioni sababu ya kumharakisha ahame.

Wa kuhama ni yule ambaye fokasi yake inatangatanga hata kwa nukta ya katikati mchana, au ambaye riziki yake ni picha za nyuso kwa f/1.4 na watu wasiotulia, kama watoto. Kwake, EOS R iliyotumika pamoja na adapta na lenzi zake za EF ni bora kuliko RP mpya, kwa ajili ya betri na uimara wa bodi. Aende dukani na lenzi yake mwenyewe na kadi yake mwenyewe, asimame mita 2 kutoka kwa muuzaji, amfokasi jichoni kwa tundu lililo wazi kabisa mara ishirini, mara kumi kamera ikiwa mlalo na kumi ikiwa wima, mara nyingine akimwomba asogee hatua moja mbele, kisha azikuze picha zote kwenye skrini na kuhesabu kope, na asitoe fedha kabla ya kumaliza kuhesabu.